Mwamba Uliobaki



Aliyeomba katika Zaburi ya 61 alikuwa mbali na kwao, nguvu zimemwishia. Hakuomba kwanza arudishwe nyumbani. Alimwomba Mungu amfikishe kwenye mwamba ambao kwa uwezo wake asingeufikia.

Maombi hayo tuliyaelewa zaidi tuliposafiri pamoja kutoka Kampala hadi Tororo, zaidi ya kilomita 200. Mwamba wa Tororo unasimama peke yake juu ya mji. Ni jiwe lililoganda ndani ya koo la volkano ya kale. Mlima uliolizunguka umeliwa na mvua na upepo, kikabaki kiini kigumu. Nasi tumeondolewa mengi: nyumba, mashamba, ndugu. Lakini Kristo amebaki.

Njia si ndefu, ila penye ukuta wa jiwe hupandi bila ngazi za chuma. Waliozifunga hatuwajui. Wazee wetu walishikwa mkono, tukafika wote. Juu tuliona Mlima Elgon na nchi ya Kenya. Kongo hatukuiona, iko mbali, upande wa magharibi. Mama mmoja alilia. Tulikaa naye kimya, kisha tukaomba.

Ndugu, njia ya kurudi bado hatujaonyeshwa. Lakini Mungu ametupa pa kusimama, na mikono ya kupandishana. Juma hili, ni jirani yupi ameshindwa kupanda? Mwendee, umshike mkono. Amina.