«Sikujua»: je, neno hili latosha?

Tarehe 6 Juni 2011 televisheni Star Plus ya Uhindi ilianza kuonyesha mchezo unaoitwa Iss Pyaar Ko Kya Naam Doon?, maana yake: Mapenzi haya niyape jina gani? Wengi huutazama kwa ajili ya mapenzi. Lakini mwanzo wake una swali jingine, tena zito.

Khushi ni msichana yatima wa mji wa Lucknow. Baba yake wa kulea ana duka la vitamu. Arnav ni kijana tajiri wa Delhi, mwenye biashara ya mavazi. Wakati wa maonyesho ya mavazi Khushi ajikuta mbele ya watu wote, pasipo kutaka. Ateleza, aangukia mikononi mwa Arnav. Arnav aona nini? Haoni msichana aliyeteleza. Aona adui aliyetumwa na washindani wake. Amtia haya kwa ukali, na picha za mkasa huo zaenea. Arusi ya Payal, dada yake Khushi, yavunjika. Dada hao wawili wahamia Delhi.

Basi tuulize: Arnav ana kosa gani? Mtu atamtetea: «Alidhani hivyo kweli. Asiyejua hana hatia.» Neno hilo lina ukweli wake. Mpishi akiuziwa sumu kwa jina la chumvi, akaitia chakulani, hatumwiti mwuaji. Lakini kama mfuko umeandikwa «sumu», naye akakataa kusoma, je, tutamwachilia? Kumbe kutojua ni kwa namna mbili: kuna kule tusikoweza kukuondoa, na kuna kule kunakoondoka kwa swali moja tu. Arnav alikuwa na nafasi ya kuuliza, na msichana mwenyewe alikuwa mbele yake. Hakukosa njia ya kujua, hakuitaka. Kutojua kwake alikuchagua mwenyewe.

Tena, nani aliumia? Payal. Katika nyumba za namna hiyo, doa la msichana mmoja humwangukia dada yake. Kule Uhindi, kwa desturi, wazazi wa bibi arusi ndio wanaodaiwa mali. Sheria ya mwaka 1961 ilikataza jambo hilo, lakini desturi haikufa. Basi nyumba yenye mali kidogo hutegemea sana jina lake. Anayeliharibu jina hilo awaibia watu wengi kwa mara moja.

Wengine watasema: «Lakini baadaye Arnav ampenda Khushi, amwoa. Payal naye apata mume. Deni limekwisha.» Hapana. Aliyechukua mbuzi wa jirani halipi kwa kumpenda jirani. Hulipa kwa kurudisha mbuzi. Na bahati njema iliyofuata haigeuzi ubaya kuwa wema. Lililoharibiwa mbele ya wengi lataka kutengenezwa mbele ya wengi, hata likimtia haya mwenye kutengeneza.

Wahenga wasema: Maji yakimwagika hayazoleki. Sisi sote tuna baraza ndogo moyoni, ambamo twawahukumu wenzetu wasipokuwapo. Fundi amechelewa: ni mvivu. Jirani hakusalimu: ana kiburi. Labda ni kweli, labda sivyo. Kabla ya kukata neno, tumwite mshitakiwa, tumwulize. Swali moja halina gharama. Hukumu ya haraka ya Arnav siku ile iliwagharimu wengine arusi.