Sura Njema na Matendo Maovu

Mchezaji wa sinema aliyezoea kuwachekesha watoto wetu akikubali kuigiza muuaji, je, atenda vema? Wazazi wengi huchukizwa. Husema, "Huyu tulimpenda, mbona sasa ajipaka matope?"

Tutwae mfano mmoja. Robin Williams wa Marekani, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa ulimwenguni kwa uchekeshaji wake. Katika filamu ya Mrs. Doubtfire ya mwaka 1993 aliigiza baba aliyejifanya yaya mzee ili awe karibu na watoto wake. Mwaka 2002 mtu yule yule alionekana katika filamu ya Insomnia, akiwa mwandishi wa vitabu aliyemwua msichana wa shule. Uso wake haukutishwa, wala sauti haikukwaruzwa. Alinena kwa upole, na kwa upole huohuo msichana alikuwa amemwamini.

Kuigiza dhambi si kutenda dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulikubali kwamba kuonyesha uovu kwaweza kumsaidia mtu ajifahamu zaidi, mradi maadili yaheshimiwe. Filamu hiyo si ya watoto. Lakini sisi wazazi na walezi yatupasa kulishika fundisho lake.

Bwana wetu alituonya juu ya mbwa mwitu waliovaa ngozi ya kondoo. Nasi twafanyaje? Twawafundisha watoto kumkimbia mgeni mwenye nguo chakavu, na kumwamini kila mwenye cheo na tabasamu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ni watoto wangapi waliodhuriwa na mtu aliyekuwa akikaribishwa chai nyumbani: mjomba, mwalimu, naam, hata padre! Mtoto akijikaza kusema neno, tusimzibe kinywa kwa kumwambia, "Fulani hawezi." Tumsikilize.

Tena filamu hiyo haikomi kwa muuaji. Mpelelezi mashuhuri anayemsaka ampiga risasi mwenziwe katika ukungu, akafa. Naye hana hakika moyoni kama hakukusudia. Aficha jambo hilo, lakini muuaji alimwona, na sasa amtaka wafichiane siri. Hayo yatukia Alaska, ambako wakati wa kiangazi usiku huwa mweupe kama mchana. Mpelelezi aziba madirisha asipate usingizi: dhamiri haina pazia.

Katika Karamu ya mwisho, Bwana alipotangaza kwamba mmoja wa Mitume atamsaliti, hawakumnyoshea Yuda kidole. Sura yake ilikuwa kama zao. Kila mmoja aliuliza kwa huzuni kama ni yeye. Tuwalinde watoto wetu kwa macho makavu. Kisha, kabla ya kulala, tujiulize nasi swali hilo la Mitume.