"Nenda Ukasome Tu"

Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, nyumba nyingi za nchi yetu zapata furaha iliyochanganyika na hofu. Kijana amepata nafasi Chuo Kikuu. Sanduku limefungwa, nauli imepatikana kwa kuuza mbuzi au magunia ya mahindi, sala imesaliwa, na wakati wa kuagana baba au mama asema neno ambalo karibu kila mzazi hulisema: "Nenda ukasome tu, mwanangu. Usijiingize katika mambo ya watu."

Wasomaji wetu wapenzi, neno hilo ni la upendo, wala hatulidharau. Lakini leo twataka kulipima pamoja nanyi. Kwa maana twaona kwamba neno hilo, likishikwa kama lilivyo, laweza kumpoteza yule yule tuliyetaka kumlinda.

Kwanza yafaa tujue hofu ya wazazi imetoka wapi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilikuwa na wanafunzi wa sheria tu, wachache hata wakatosha katika chumba kimoja, nacho kilianzia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea.

Katika miaka hiyo ya mwanzo yalitokea mambo ambayo wazee hawajayasahau. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuupinga mpango mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, uliowataka wasomi walitumikie taifa kwa muda wa miaka miwili hivi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Siku hiyo hiyo alitangaza kwamba na mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka 1967. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hiyo wakilalamikia nyongeza ya mafao ya viongozi. Mamia wakafukuzwa, na baadaye wengi wakarudishwa. Mwaka 1990 Chuo chenyewe kilifungwa kwa miezi kadhaa.

Basi, mzazi aliyemwona kijana wa jirani akirudi kijijini na sanduku lake kabla ya wakati, hawezi kulaumiwa akimwambia wa kwake: Usijiingize.

Lakini na tuutazame Mlima huo ulivyo leo. Chuo kile cha chumba kimoja sasa kina makumi ya maelfu ya wanafunzi. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 peke yake yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, wala hayakumaliza haja. Wengine hupanga vyumba mitaani. Wengine hubebana, kama wasemavyo wenyewe, yaani wawili hulala katika kitanda alichopewa mmoja. Darasani kijana aweza kuketi kati ya mamia, na mwalimu asijue hata jina lake.

Nyumbani hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa fulani. Katekista alimjua, paroko alimjua, na akikosa kuonekana katika jumuiya, mwenyekiti aliuliza: Yuko wapi leo? Mlimani aweza kukosa Misa mwezi mzima, akakosa chakula siku mbili, akakosa usingizi wiki nzima, na asipatikane wa kuuliza.

Fedha ya Bodi ya Mikopo, ambayo vijana huiita bumu, yamfikia yeye mwenyewe, baba na mama wakiwa mbali. Simu iliyo mfukoni mwake yamwita usiku kuiweka fedha hiyo katika michezo ya kubahatisha, akitumaini kuirudisha maradufu. Kabla ya mapambazuko chakula cha miezi miwili kimekwisha. Ataona haya kuandika nyumbani, kwa kuwa ajua mbuzi aliyeuzwa. Masomo yamlemea, wenzake wamekaa vimbwetani wakifafanuliana, lakini yeye hawajui, kwa sababu aliambiwa asijiingize. Basi ajifungia chumbani. Siku matokeo yanapotoka na jina lake halimo, wazazi hushangaa: Mbona alikuwa kijana mtulivu, asiye na makundi?

Ndiyo, hakuwa na makundi; na hapo ndipo ulipokuwa msiba wake. Katika mfano wa Bwana wetu, kondoo mmoja alipotea kati ya mia. Mchungaji alijuaje kwamba amepotea? Alijua kwa sababu alikuwa akiwahesabu. Sasa twawauliza ninyi wazazi: Huko Mlimani, nani amhesabu mtoto wenu?

Kujiunga na wenzake kwa wema ni kujiweka mahali pa kuhesabiwa. Mwimbaji wa sauti ya nne asipofika mazoezini, pengo lake lasikika. Mchezaji asipofika uwanjani, timu humfuata chumbani. Katika umoja wa wanafunzi Wakatoliki, kijana akikosa Misa ya Jumapili mara mbili, mwenzake hubisha hodi mlangoni kwake. Na hodi moja ya namna hiyo imekwisha kuokoa wengi kuliko maonyo mengi ya mbali.

Jambo hili ni zito zaidi kwa binti zetu. Kuna uovu unaojulikana katika vyuo, wa mtu mwenye madaraka kumdai msichana mwili wake ili ampe alama. Sheria ya nchi ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa yaihesabu rushwa hiyo ya ngono kuwa kosa la jinai. Lakini sheria yahitaji mtu wa kusema. Binti aliye peke yake huvizwa kwa urahisi, na akionewa hunyamaza. Binti mwenye rafiki wa kweli, aliyezoea kusimama mbele ya mkutano na kutoa hoja, ajuaye viongozi wa wanafunzi ni akina nani na padri mlezi yuko wapi, huyo hana upweke wa kumtisha. Mzazi anayemkataza binti yake asijulikane na mtu amnyima ngao.

Tena kuna jambo la pili. Kijana hahesabiwi tu. Naye yampasa awahesabu wengine. Maria na Yosefu walipomtafuta Mtoto Yesu siku tatu, walimkuta Hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Hakuwa amejitenga na watu. Kisha akashuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Mambo yote mawili ni yake: kuingia katika mazungumzo ya wakubwa, na kurudi nyumbani kwa utii. Sisi twataka watoto wetu wawe na lile la pili pasipo lile la kwanza, nalo haliwezekani.

Mwalimu Nyerere alisoma Makerere tangu mwaka 1943 hata 1945. Hakwenda kusoma vitabu tu. Yeye na wenzake walianzisha huko chama cha maslahi ya Waafrika wa Tanganyika, kilichoitwa TAWA kwa kifupi. Kilikuwa chama kidogo cha wanafunzi, wala hatusemi kwamba ndicho kilicholeta uhuru. Twasema hivi tu: Hakuna ajifunzaye kuongoza taifa siku anapokabidhiwa taifa. Kuitisha mkutano, kumwacha mpinzani amalize maneno yake, kushindwa katika kura bila kununa, kutunza senti za wenzako na kuzitolea hesabu: hayo hufunzwa mapema, katika mambo madogo, au hayafunzwi kabisa.

Na zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Paris, mji mkuu wa Ufaransa, alikuwako kijana mmoja wa sheria, Frédéric Ozanam. Wengi wa wasomi wa siku zile waliicheka dini. Ozanam hakujificha; alijiunga na wenzake katika chama cha majadiliano, akaitetea Imani kwa hoja. Siku moja mwenzake asiyesadiki akamwuliza: Kanisa lenu lilitenda makubwa zamani, lakini leo mwawatendea nini maskini wa mji huu? Swali lilimchoma. Mwezi wa Aprili, 1833, akiwa na umri wa miaka 20 tu, yeye na wenzake wachache wakaanza kuwazuru maskini nyumbani kwao, wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu, aliyezijua njia zote za vitongoji vile. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utume wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambao leo umeenea ulimwenguni, hata katika parokia zetu. Ozanam alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1997. Kama mama yake angemwambia asome tu, na yeye akatii neno hilo kwa ukamilifu, nani angemwuliza lile swali?

Hatusemi kwamba kila kundi ni jema, wala kwamba shughuli nyingi ndizo utakatifu. Yako makundi ya ulevi, na ya anasa, na ya kugawana fedha za wagombea wakati wa uchaguzi. Kwa hiyo, ninyi vijana wetu mlioko vyuoni, pokeeni kutoka kwetu vipimo vitatu.

Cha kwanza, masomo ndiyo wajibu wenu wa kwanza mbele ya Mungu. Yule anayekimbilia mikutano kila jioni na kuishi kwa madesa ya wengine, awaibia wazazi wake na taifa lake. Chagueni jambo moja au mawili, mliyatende vizuri, mengine muyaache.

Cha pili, fedha ya wenzenu ni amana. Mweka hazina wa kwaya alaye michango ya sare akiwa na miaka 21, atakula nini atakapokabidhiwa hazina ya wilaya? Toeni hesabu hata ya shilingi mia, na mtoe kabla hamjaulizwa.

Cha tatu, kabla ya kupaza sauti, jiulizeni: Nasema kwa ajili ya nani? Hatuwahukumu vijana wa mwaka 1966. Yumkini sheria ile iliwaumiza kweli. Lakini mkulima wa pamba na wa kahawa, ambaye jasho lake ndilo lililowasomesha, alikuwa na nini cha kupunguziwa? Sauti inayodai fungu la mwenye nayo peke yake hudhoofika mara. Sauti inayomkumbuka aliye nyuma yake hukaa muda mrefu, hata kama mwenye nayo atapata hasara. Leo serikali ya wanafunzi, DARUSO, inayo kazi ya kutosha: mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa, mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za darasa, mgonjwa asiye na ndugu mjini. Hayo yasemeni kwa ukweli, kwa adabu, na kwa njia halali. Wala msiache watu wa siasa wawatumie kama kuni za moto wao.

Nanyi wazazi, twawaomba mambo machache yaliyo katika uwezo wenu. Mkimpigia simu kijana, msiulize matokeo tu. Mwulizeni: Rafiki zako ni akina nani? Wamekula nini? Jumapili mlisali wapi? Mkijua majina matatu ya wenzake, mwajua zaidi kuliko jumla ya alama zake. Akiwaambia kwamba amepungukiwa fedha, sikilizeni kwanza, mkaripie baadaye. Kwa maana kijana anayeogopa nyumbani kuliko anavyomwogopa mkopeshaji atakwenda kwa mkopeshaji. Na akirudi likizo msimkalishe kama mgeni. Jumuiya impe kazi: awafundishe watoto hesabu, aandike kumbukumbu za mkutano, amsindikize katekista kwa wagonjwa. Elimu ambayo haijashika jembe la kijiji chake yaweza kumfanya asiijue njia ya kurudia.

Nasi mapadre na viongozi wa parokia tunalo letu. Kijana anapoondoka, tusimpe barua ya utambulisho tu ikaozea sandukuni. Tuwaarifu walezi wa vyuo kwamba anakuja, na mwezi mmoja baadaye tuulize kama amefika kwao. Kumwombea ni lazima. Kumwuliza ni lazima pia.

Basi, mwaka huu mkisimama kituoni pa basi kuagana naye, msifute neno la zamani, bali lijazeni. Mwambieni: "Nenda ukasome, mwanangu. Na huko uendako, tafuta watu wema, ukae nao, wakuhesabu, nawe uwahesabu." Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu wote walioko vyuoni, asiruhusu hata mmoja wao apotee pasipo mtu kujua.