Chupa Isiyo na Shingo

Kwanza niliona kitako chake. Maji yalikuwa yamekupwa chini ya Mji wa Kale, Mombasa, na katikati ya mawe kulikuwa na kioo kizito cha kijani hafifu. Nikajua hii ni ya gololi. Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba na kijiko, polepole, na kabla sijafika katikati nilikuwa nishaiweka dirishani kwangu, nishaipiga picha, nishaona wivu wa wenzangu wanaokusanya chupa. Halafu ikatoka. Shingo hakuna.

Niliskia vibaya kuliko ilivyostahili. Kwani nilipoteza nini? Dakika 10 kabla sikuwa na chupa yoyote. Sasa nilikuwa na nusu chupa na nilihisi nimeibiwa.

Chupa hizi alizibuni Mwingereza, Hiram Codd, miaka ya 1870. Ndani ya shingo mliwekwa gololi ya kioo, na gesi ya soda yenyewe ndiyo iliyoisukuma juu ikabana kwenye pete ya mpira. Ukitaka kunywa, unaisukuma ndani. Japani bado wanauza soda hivyo. Ila watoto walizivunja wapate gololi, bano kama tulivyoziita sisi wa Eastlands. Ndio maana nzima ni adimu, na ndio maana tunazitafuta. Yaani mtoto aliyeniharibia ndiye pia aliyenifanya niitamani.

Lakini pale ufuoni sikuwa na falsafa. Nilimtukana tu. Kisha nikakumbuka redio ya babu.

Nilikuwa na miaka 8. Ndani ya spika kuna sumaku, kila mtoto mtaani alijua, na sumaku kubwa ilikuwa utajiri: unaifunga kamba, unaiburuta mchangani, inarudi na ndevu za chuma. Redio ilikuwa imenyamaza wiki mbili. Nikajiambia imekufa, nikaifungua na kisu cha jikoni. Kumbe ni betri tu. Babu aliingia jioni na mpya mkononi, akaona, hakuuliza nani. Aliziweka mezani akaenda kulala bila kusikiza habari. Na mimi, hili ndilo gumu kuliandika, nilikuwa na furaha. Sumaku ilikuwa mfukoni.

Babu nilimkosea, hakuna mjadala. Mtoto wa chupa naye huenda alimkosea muuza soda, maana chupa zile zilikuwa za kurudishwa. Lakini mimi? Mimi nimekuja miaka mia baadaye na kijiko, nikitaka aniombe msamaha kwa kuharibu kitu ambacho mikononi mwake kilikuwa takataka yenye gololi ndani. Sikuwa kwenye hesabu yake. Babu alikuwa chumba cha pili.

Nilitia kidole ndani ya chupa kuhakikisha. Mchanga mtupu. Gololi aliipata.