Oveni ya Ukutani na Sheria ya Sabato

Katika nyumba ya Myahudi anayeishika sheria ya dini yake, kupanga jiko na oveni ni suala la ibada kabla halijawa suala la fundi. Torati, katika Kutoka 35:3, inakataza kuwasha moto makaoni siku ya Sabato. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200, inataja kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo, na kuoka, kuwasha moto na kuuzima zimo. Hata hivyo Sabato ni siku ya furaha, na mapokeo yanataka mezani pawe na chakula cha moto. Basi moto uliowashwa Ijumaa alasiri, ukiendelea kuivisha chungu usiku kucha bila kuguswa, kazi hiyo ni ya nani?

Wakaraiti, Wayahudi waliokataa mapokeo ya marabi, walijibu zamani kwa ukali: moto usiwake nyumbani kabisa, hata kama uliwashwa mapema. Marabi walikataa jibu hilo. Kwao sheria inamfunga mtu, haiufungi moto. Kilichokatazwa ni tendo, na tendo lilikwisha kabla jua halijazama. Wasabato wa Afrika Mashariki, wanaoiita Ijumaa siku ya maandalio na kupika mapema, watalielewa wazo hili upesi, ingawa wao hawajiwekei marufuku ya swichi.

Mishna haikuishia hapo, na ndipo inapoonyesha jinsi inavyomfahamu binadamu. Sura ya tatu ya kitabu chake cha Sabato inachunguza jiko lenyewe na kinachochomwa ndani yake. Jiko lililowashwa kwa mabua, chungu kinaweza kuachwa juu yake. Lililowashwa kwa kuni halina ruhusa hiyo mpaka makaa yaondolewe au yafunikwe kwa majivu. Sababu ni kwamba mabua huungua yakaisha, lakini makaa hudumu, na mtu akiona chakula kimechelewa, mkono wake utayachochea kabla hajakumbuka ni siku gani. Kwa hiyo jiko hupangwa ili limlinde mtumiaji dhidi ya mazoea yake. Ndiyo maana hadi leo, katika nyumba nyingi, kabla ya Sabato kuingia bati hulazwa juu ya plati za jiko likafunika na swichi zake.

Umeme ulileta ugumu mpya. Chuma kinachopashwa hadi kikawaka chekundu huhesabiwa kuwa moto, kwa hiyo kuiwasha plati kumekatazwa waziwazi. Kuhusu mkondo wa umeme usiotoa joto wala mwanga, wanazuoni walitofautiana: Avrohom Yeshaya Karelitz, aliyefariki mwaka 1953, aliona kuunganisha mkondo ni aina ya kujenga, lakini Shlomo Zalman Auerbach hakuikubali hoja hiyo, ijapokuwa naye aliiheshimu desturi ya kujizuia. Ndani ya oveni ugumu huo wa umeme huonekana hata pale mtu asipogusa swichi. Mlango unapofunguliwa, hewa baridi huingia, kidhibiti joto huhisi baridi hiyo, na oveni hujiwasha mapema kuliko ambavyo ingejiwasha. Je, aliyefungua mlango amewasha moto? Wapo wanaoruhusu, kwa kuwa tokeo hilo si la moja kwa moja wala silo alilolikusudia. Wengine hungoja mpaka oveni iwe tayari inawaka ndipo waufungue.

Oveni za kisasa huongeza taa ya ndani, kioo cha tarakimu, na ulinzi unaoizima oveni baada ya saa 12, ilhali Sabato ni takriban saa 25. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la Kiyahudi la Star-K la Baltimore lilianza kushirikiana na watengenezaji wa Marekani, na oveni zikapewa hali maalumu ya Sabato inayozuia mambo hayo yote. Hali hiyo hairuhusu kupika Sabato. Inachoruhusu ni kuendelea kukipa joto chakula kilichokwisha kupikwa. Ubishi mkubwa ulizuka kuhusu sikukuu, ambazo kupika kumeruhusiwa lakini si kuwasha moto mpya: baadhi ya oveni hukubali kubadilishiwa joto kwa kibonyezo, nazo hutekeleza badiliko hilo baadaye, kwa muda usiotabirika. Marabi wengi wa Israeli waliipinga njia hiyo.

Mtu wa nje huona hapa ujanja wa kuikwepa sheria. Hukumu hiyo si ya haki. Anayekwepa sheria hutafuta kufanya leo alichokatazwa leo. Anayepanga oveni yake Ijumaa amekubali kwamba kesho mkono wake hautakuwa na amri juu ya moto, chakula kiungue au kipoe. Penye shaka halisi ni kile kibonyezo cha sikukuu, kwa sababu kucheleweshwa kwa tokeo hakuondoi kusudi la aliyebonyeza. Waliokipinga wana hoja nzito zaidi.

Sheria nyingine, ile ya kutochanganya nyama na maziwa, hugusa idadi ya vifaa: anayeweza huweka oveni mbili na sinki mbili, na kila oveni ya umeme hudai nafasi yake katika mfumo wa nyaya za nyumba. Jiko la kioo lina tatizo lake. Sehemu inayopata moto hujisafisha kisheria kwa joto, lakini kioo kilicho kando yake hakipati joto la kutosha. Jiko linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku halifai kabisa kwa Sabato, maana kuinua sufuria tu hukata mkondo na kuirudisha huuwasha. Anayejenga na amwulize rabi wake, na asome kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji, kabla seremala hajakata kabati: oveni ikishapachikwa ukutani, kuibadilisha ni kuvunja na kulipa upya.