Si Kila Alama ni Alama ya Kazi Hii

Masomo: 1 Samweli 24 na 26

Mnajua kabla sijaitwa kwenye huduma nilikuwa makanika, na wengine wenu mpaka leo mnaniletea magari kuliko mnavyoniletea maombi. Basi leo tuingie gereji kidogo, halafu tuingie pangoni na Daudi.

Mkanda wa taimingi unaunganisha krenki, inayosukuma pistoni, na kemu, zinazofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja. Mpango huo ukivurugika, pistoni inaweza kukutana na valvu iliyo wazi. Ndiyo maana aliyeunda injini aliweka alama kwenye gia, ili fundi azilinganishe kabla ya kuvisha mkanda mpya.

Sasa chukua Subaru zenye injini ya EJ, zile Impreza na Forester za miaka iliyopita. Gia ya krenki ina alama mbili. Kuna mshale, unaonekana wazi usoni. Halafu kuna kistari kidogo kwenye jino la nyuma, mara nyingi kimezibwa na mafuta na vumbi. Lazima uiname, upanguse, umulike tochi. Mkanda unafungwa kwa kufuata kile kistari. Kikikaa mahali pake, pistoni zote nne ziko katikati ya safari, mbali na valvu.

Sasa sikia hili vizuri. Mshale si wa uongo! Unaonyesha pistoni namba moja imefika mwisho wa kupanda. Ni alama ya kweli, ila si alama ya kazi hii. Niliwahi kuletewa gari limevutwa kwa kamba. Fundi wa kwanza alifuata mshale, akafunga kila kitu vizuri, akapiga stata. Valvu zikapinda, na mwenye gari akalipia matengenezo makubwa kuliko bei ya mkanda.

Tumwone Daudi kule En-gedi. Samweli alishampaka mafuta, kwa hivyo ahadi ya ufalme ilikuwa ya kweli kabisa. Sauli anamsaka na watu elfu tatu, halafu anaingia peke yake katika lile pango ambalo Daudi amejificha. Watu wa Daudi wanamwambia, hii ndiyo siku yako! Ahadi ipo, nafasi ipo, na mashahidi wanasema amina. Ungekuwa wewe? Daudi alikata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Alijua kwamba kuahidiwa kiti hakukumpa ruhusa ya kumuua aliyekikalia.

Wapendwa, wiki hii kuna mtu hapa ameombwa auze shamba la familia alipie safari ya kazi ng'ambo, na ameambiwa mwisho ni Ijumaa. Umeota ndege. Umepata unabii kwamba utavuka mipaka. Mimi sisemi ndoto hiyo ni ya uongo. Labda kweli utavuka! Nakuuliza tu: hiyo ndoto imekwambia uuze shamba? Imekwambia huyo wakala ni mwaminifu? Mama watoto amekubali? Mkataba umesomwa na mtu anayeelewa? Hivyo ndivyo vistari vidogo vya nyuma. Havina kelele, na vinataka mtu wa kuinama.

Kuna jambo la mwisho ambalo fundi mzuri haliruki. Akishafunga mkanda, hapigi stata. Anachukua spana, anazungusha krenki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, kisha anaangalia tena alama za gia. Zikirudi mahali pake, sawa. Akihisi kitu kimegota, anasimama hapo hapo. Halazimishi! Mkono unasikia mapema kile ambacho stata ingevunja.

Daudi naye alizungushwa mara mbili. Sura ya 26, Sauli amelala, mkuki umechomekwa ardhini kichwani pake, na Abishai anaomba ruhusa ya pigo moja tu. Daudi akakataa tena. Alama ilirudi pale pale. Baadaye Sauli alikufa vitani, na watu wa Yuda wakamtawaza Daudi Hebroni, mikono yake ikiwa haina damu ya Sauli.

Kwa hivyo wewe mwenye shamba, kabla ya Ijumaa zungusha kwa mkono. Kaa na mwenzako. Mwone mzee wa kanisa. Thibitisha kama wakala amesajiliwa. Funga na kuomba, kisha uliza maswali yale yale mara ya pili. Mlango wa Mungu hautafungwa kwa sababu ulipangusa vumbi.

Tuombe: Baba, asante kwa ahadi zako. Tupe macho ya kuona alama ya kazi iliyo mbele yetu, na mikono isiyo na haraka. Katika jina la Yesu, amina.