Ngumi ya Carlsen, Tabasamu Langu

Juni 2025, kule Stavanger, Norwei, Magnus Carlsen alishindwa na Gukesh, bingwa wa dunia mwenye miaka 19. Akapiga meza ngumi, kete zikaruka. Papo hapo akamwomba radhi, akampigapiga mgongoni. Wengi wakasema hana adabu.

Sawa. Lakini adabu ni kuficha hasira ama kuimaliza?

Mimi nilifungwa sataranji na mtoi wa kidato cha pili pale Muliro Gardens, Kakamega. Nikampa mkono, nikatabasamu kabisa. Halafu wiki nzima nikaambia watu alibahatika tu. Bahati gani? Farasi wake alishika mfalme na malkia wangu kwa mpigo mmoja. Tukikutana, bado yeye ndiye hunisalimia kwanza.